Kabla Bomba la Gesi Halijapita Shambani Kwako

Tangu Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi na nchi zetu mbili zikatia saini makubaliano ya kusafirisha gesi asilia, habari za bomba la kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa hazijaisha vibarazani. Wengi hubishana iwapo kazi hiyo ipewe serikali au kampuni binafsi. Kwa yaliyoikuta familia yetu, nakushauri uulize kwanza kila jukumu limeandikwa kwa jina la nani.

Miaka kadhaa iliyopita, mradi mmoja wa bomba ulipita katika shamba la marehemu baba. Mthamini aliandika minazi 9, ilhali ami yangu alihesabu 14. Mtaro ukaachwa wazi hadi masika yakaingia, kingo zikaporomoka na kuifukia mihogo yetu. Mkandarasi akatuambia fidia ya mazao ni kazi ya serikali. Ofisi ya serikali ikatujibu kwamba uharibifu wa wakati wa ujenzi ni wa mkandarasi. Tulizungushwa miezi 11, na tulipousoma mkataba kwa makini tukaona kwamba hakuna kifungu kilichomtaja yeyote.

Jirani zetu Watanzania wamejaribu njia zote mbili. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004 kupitia bomba la Songas, kampuni ya ubia ambamo wawekezaji binafsi walikuwa na hisa pamoja na mashirika ya umma. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, ni mali ya umma chini ya TPDC, shirika la mafuta la serikali ya Tanzania, na lilijengwa kwa mkopo kutoka China. Mkopo wa namna hiyo hulipwa na mwananchi hata bomba likipitisha gesi kidogo. Mwekezaji binafsi naye hakubali kuchimba mtaro kabla hajahakikishiwa mnunuzi, na mnunuzi huyo aghalabu ni shirika la umeme la serikali, hivyo mzigo unaodhaniwa kuwa wa kampuni hurudi kwetu kupitia bili ya stima. Kwa hiyo, ukisikia kwamba mitambo ya umeme ya Kipevu na Rabai inayotumia mafuta mazito itahamia kwenye gesi, uliza ni nani atakayetia saini ya kuinunua, kwa miaka mingapi, na bei ikipanda itakuwaje.

Kwa maoni yangu, mtaji, ufundi na hasara ya kuchelewa vibebwe na kampuni, lakini ardhi na usalama serikali isimwachie mtu mwingine. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia ya haki, kamili na bila kukawia, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ipo kwa kazi hiyo.

Nawe usikae ukingoja. Piga picha kila mti kabla tingatinga halijafika, tafuta nakala ya hati miliki, na usitie saini karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa. Ami yangu alikuwa ameandika minazi yote ya shamba lile daftarini, mstari mmoja kwa kila mnazi, na mzee wa mtaa akatia saini chini yake. Minazi ile 5 iliyoachwa na mthamini ililipwa kwa ushahidi wa daftari hilo. Mihogo, ambayo hatukuiandika popote, haijalipwa hadi leo.