Kumtafuta babu aliyekwenda Burma: anza na namba, jina baadaye

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu nami nilipita njia hiyo hiyo. Unasema babu yako mzaa mama, mtu wa Ukerewe, alichukuliwa vitani enzi za Mwingereza, akarudi salama na akafia nyumbani uzeeni. Kilichobaki ni nishani moja ya nyota na picha moja amevaa sare. Umeandika jina lake kwenye tovuti ya CWGC, ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, hukupata kitu, na sasa mjomba wako anasema huenda habari za Burma (Myanmar ya leo) zilikuwa hadithi za wazee tu.

Mwambie mjomba asubiri kwanza. Orodha ile ni ya waliokufa. Kwa vita ya pili ya dunia inachukua waliofariki kuanzia Septemba 3, 1939 hadi Desemba 31, 1947. Babu yako alirudi, akaoa, akamzaa mama yako. Kutomwona humo ndivyo inavyotakiwa.

Hilo mimi nililijua kwa gharama. Nilimlipa mtu aliyejitangaza mtandaoni kuwa mtafiti wa koo, shilingi laki mbili, akaniletea ukurasa mmoja wenye jina la babu yangu kabisa, askari wa Afrika Mashariki, kafa 1944, jina lake liko kwenye mnara wa kumbukumbu kule Taukkyan, Burma. Nikaenda nao Magu kwa shangazi yangu mkubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, huyu kafa arobaini na nne. Mimi nimezaliwa hamsini na mbili." Nilikuwa nimembebea marehemu wa watu wengine nyumbani kwetu. Ukurasa ule bado ninao. Huyo naye ana wajukuu mahali fulani, na huenda wanamtafuta.

Siku ile ile shangazi aliinama uvunguni akavuta sanduku la bati. Chini ya khanga na hati ya shamba kulikuwa na kijitabu kilichofungwa kwenye mfuko wa sukari, pembe moja imeliwa na mchwa. Ndani: namba ya jeshi, cheo, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kuachishwa, kabila, wilaya, jina la mtemi wake, na alama ya dole gumba kwa wino uliokwisha kuwa kahawia. Shangazi aliweka kidole chake juu ya lile dole akakaa kimya kidogo. Kitabu kile kilikaa pale miaka yote na hakuna aliyekiuliza, kwa sababu sisi wajukuu tuliambiwa kuna nishani, na macho yetu yote yakawa kwenye nishani.

Kwa hiyo kabla ya intaneti, kaa na wazee, na usiwaulize "vyeti vya vita viko wapi". Waulize karatasi za zamani za babu zilifungiwa wapi, na nani alipewa sanduku lake baada ya arobaini. Unachotafuta ni ile namba. Jina la mtu wa kwetu karani aliliandika alivyolisikia. Babu yangu ni Ng'wandu. Nimemkuta ameandikwa Mwandu, Ngwandu na Gwandu, halafu s/o, yaani mwana wa, na jina la baba yake, nalo limekosewa. Mji wetu wenyewe, Mwanza, Wajerumani waliuandika Muansa. Huko kwenu Ukerewe jaribu kila jina kwa l na kwa r. Namba ndiyo haibadiliki hata karani awe mgeni wa Kisukuma au Kikerewe.

Nishani nayo ina la kusema, ila haisemi alikuwa nani. Zile nyota za vita ya pili walizopewa askari wetu hazikuchorwa jina. Soma maandishi ya mbele, yamezunguka herufi za mfalme, chini ya taji. Ikiwa ni nyota ya Burma, imeandikwa hivyo wazi, na utepe wake ni buluu iliyokolea wenye mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande wa buluu una mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Ikiwa ni ya Afrika, utepe una rangi ya mchanga, na hiyo ilitolewa kwa waliopigana Afrika Kaskazini na Abisinia (Ethiopia ya leo) mpaka Mei 1943. Hapo peke yake utajua mzee alielekea wapi. Kama ni ya Burma, mjomba atakuwa amejibiwa.

Jambo la pili lililonichelewesha ni neno Keya. Nyumbani kila aliyevaa kaki aliitwa Keya, yaani KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki), bunduki begani. Lakini walikuwepo madereva wa kikosi cha usafirishaji, mapaniya waliochimba barabara na kupakua meli, wapiga mizinga, wauguzi, wapika, wapeleka ishara. Kitabu cha babu kilisema dereva. Baba zangu wadogo walilipokea kwa shida, kana kwamba nimemshusha cheo. Mimi nilikumbuka kitu kimoja: gari lolote lililoingia uani kwake, hata la mgeni wa heshima, alilizunguka kwanza na fimbo, akigonga tairi moja moja na kusikiliza, ndipo amsalimie dereva. Tulidhani ni uzee.

Kama babu yako alikuwa Keya kweli wa bunduki, angalia namba ya batalioni. Za Tanganyika zilikuwa za familia ya 6: ya 6 yenyewe, kisha 26, 36, 46. Batalioni ya 1/6 ilipigana Abisinia. Sajini wake mmoja, Nigel Leakey, alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza, kwa mapigano ya Colito ya Mei 19, 1941. Ya 26 na ya 36 zilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1943, ikaingia Burma 1944, ikashuka bonde la Kabaw kipindi cha masika, malaria na matope, mpaka Kalewa, na Desemba ile ikavuka mto Chindwin. Ya 46 ilikuwa kwenye Brigedi ya 28, iliyopigana huko mapema 1945. Ukijua batalioni, umepata njia aliyopita hata kama hakuna karatasi inayomtaja yeye.

Njia ya baharini pia waulize wazee. Kama aliwahi kutaja meli iliyozama, sikiliza kwa makini. Februari 12, 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliokuwa kwenye meli nyingine za msafara ule waliliona kwa macho yao, na wapo waliorudi nalo moyoni bila kulisimulia.

Sasa makaratasi ya serikali. Shajara za vita za vikosi, yaani kumbukumbu zao za kila siku, ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London. Za Burma ziko katika mfululizo wa WO 172, za Kamandi ya Afrika Mashariki WO 169. Kadi ya msomaji ni bure na unaruhusiwa kupiga picha kwa simu. Binti wa rafiki yangu anayesoma huko alinisaidia Jumamosi moja. Usitegemee kumwona babu kwa jina, askari wa kawaida ni nadra kutajwa. Niliyoyaona ni mvua, magari yaliyokwama, na hesabu ya wagonjwa, siku baada ya siku. Nilizisoma usiku kucha.

Hapa kwetu, Mwanza ndiyo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa, na Ukerewe ilikuwa chini yake. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Dar es Salaam, Upanga, na ina kituo cha Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Nenda na barua ya utambulisho, na uombe mafaili ya wilaya ya miaka ya 1939 hadi 1947 yanayohusu uandikishaji, fedha askari walizotuma nyumbani, na waliorejea. Beba subira. Faili linaweza kuwa na kichwa cha pamba au ng'ombe na ndani yake ukakuta barua ya mke wa askari anayedai fedha za mumewe.

Ila mimi nilipopata zaidi ni parokiani. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Bukumbi 1883 na waliandika kila kitu, kwa Kilatini: mtoto wa nani, kijiji gani, nani msimamizi. Pembeni mwa ubatizo wanaongeza kipaimara na ndoa. Pengo la babu kati ya ubatizo na ndoa linaoana na miaka ya kitabu chake. Kwenu jaribu Kagunguli. Ongea na paroko kwanza, usifike tu na simu mkononi.

Kwa wanaouliza vita ya kwanza: hapo namba nayo mara nyingi haipo. Mwanza ilikuwa ya Mjerumani mpaka Julai 1916, kwa hiyo mababu wengine walikuwa askari wake, na wengi zaidi walikuwa wapagazi wa pande zote mbili. Inasimuliwa kwamba 1964, Ujerumani ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani, ofisi ya malipo ilifunguliwa hapa hapa Mwanza. Wengi hawakuwa na cheti, wakapewa fagio kama bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani, na hawakukosea. Wapagazi hawakuwa na ofisi. Mwaka 2021 CWGC yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa vita ile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina, na huenda wakafika 350,000. Kama wako ni mmoja wao, rejista ya kanisa na kumbukumbu ya ukoo ndivyo utakavyoshika.

Mkuu, tuma hapa picha ya nishani, mbele na utepe kama bado upo. Na ile picha ya babu igeuze, upige mgongo wake pia. Mara nyingi kuna muhuri wa studio, na kofia na beji yake nitazikuza nione kikosi.