Mama, naomba nione makopo

Wewe unayeanza kusimama dirishani duka la dawa, nikupe kisa kilichonifunza kazi. Mama mmoja alileta cheti cha erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, kifua kinamsumbua. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia. "Za presha tu, mwanangu." Nikampa, akaenda. Siku ya nne akaja binti yake: mikono ya mama inatetemeka hadi chai inamwagika, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, imepanda. Kumbe ana figo aliyopewa na mdogo wake, anameza takrolimusi, dawa ya kushusha kinga ili mwili usiikatae figo hiyo, asubuhi na jioni. Hakunidanganya. Kwake yeye, chochote kinachotoka kliniki ya figo ni "cha presha".

Tangu hapo nasema: "Mama, naomba nione makopo unayomeza kila siku." Kama hakuja nayo, apige simu nyumbani asomewe majina. Foleni ikinung'unika, inung'unike. Zamani wagonjwa hawa walikuwa wale waliokwenda India. Muhimbili imeanza kupandikiza figo 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma 2018, kwa hiyo siku yoyote mmoja atasimama mbele yako.

Takrolimusi na mwenzake siklosporini huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kwenye ini na utumbo. Erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli ya fangasi hukizuia, dawa ikarundikana kwenye damu na kuiumiza figo ileile inayolindwa. Balungi nalo hufanya hivyo. Azithromaisini haina usumbufu mkubwa kiasi hicho, na siku ile ningempigia daktari kumwomba abadilishe.

Inayonitisha zaidi ni rifampisini ya kifua kikuu, maana ugonjwa huo kwetu si mgeni. Yenyewe hukichochea kimeng'enya, kiwango cha takrolimusi kikaporomoka, mwili ukaanza kuikataa figo huku mwenyewe hasikii lolote. Kabamazepini na fenitoini za kifafa ni vivyo hivyo. Halafu kuna jambo ambalo hata wakongwe hulisahau: rifampisini ikikoma, kimeng'enya hutulia polepole kwa wiki mbili hivi, na dozi ya takrolimusi iliyokuwa imepandishwa kufidia inageuka sumu. Kiwango kipimwe dawa inapoingia na inapotoka pia. Mkumbushe mgonjwa kwamba siku ya kipimo damu hutolewa kabla hajameza dozi ya asubuhi. Wengi humeza kwanza, majibu yakapotosha.

Akiomba diklofenaki au ibuprofeni ya mgongo, usimpe, zinaiumiza figo. Parasetamoli kwa dozi ya kawaida inatosha.

Jozi mbili usizitoe kabla hujaongea na daktari: azathioprini, nayo ya kushusha kinga, pamoja na alopurinoli ya jongo; na methotreksati ya baridi yabisi pamoja na kotrimoksazoli, ile wanayoiita Septrin. Zote zinaweza kuudhoofisha uboho, sehemu ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, hadi chembe za damu zishuke vibaya. Kotrimoksazoli ni ya kawaida mno mikononi mwetu, ndiyo maana huponyoka.

Bado kuna unga wa "kuongeza kinga" unaouzwa stendi, hauna hata lebo ya kukuonyesha kilichomo. Usimgombeze anayeutumia. Amesikia kwamba kinga yake imeshuka, akadhani huo nao ni ugonjwa wa kutibiwa. Mweleze kwamba imeshushwa makusudi, ili mwili uiache figo ya mdogo wake ifanye kazi.