Trekta la nguvu farasi 75 kwa udongo mzito wa Babati

Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba shamba lako la ekari 60 huko Babati lina udongo mweusi wa mfinyanzi, na unasita kati ya trekta la nguvu farasi 50 na la 75, ningekushauri uchukue la 75, hasa ikiwa utalima kwa plau ya sahani tatu, ambayo katika udongo wa aina hiyo hulilemea trekta dogo mapema. Massey Ferguson 375, ambalo ni la kiwango hicho, lina sifa ninayoithamini kuliko upya wa muundo: mafundi wengi wanalifahamu. Hata hivyo, injini pekee haitoshi, kwani trekta jepesi huteleza na kuchoma dizeli bure; uliza kama linavuta kwa magurudumu yote manne, la sivyo jaza maji katika matairi ya nyuma na ufunge vyuma vya uzito mbele. Likiwa la mtumba, liwashe injini ikiwa baridi, kisha nyanyua plau na uzime: plau ikishuka upesi, haidroliki (mfumo wa mafuta unaonyanyua plau) inavuja, na matengenezo yake si ya bei ndogo. Na tela la kubebea mizigo lisikusumbue kichwa. Trekta linalomudu plau hiyo hulimudu na tela.