Gombaneni Palepale: Maneno Machache kwa Wahariri Wapya

Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma kabisa kwenye semina ya wahariri wapya wa Wikipedia ya Kiswahili, kikombe cha chai mkononi, nikijifanya mgeni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye saa tano, vijana wawili walipoanza kutenguana. Huyu anaweka aya, yule anatengua. Huyu anairudisha, yule anatengua tena. Nilifurahi kimoyomoyo, maana makala isiyogombewa mara nyingi ni makala isiyosomwa. Kisha mmoja akamgeukia mwenzake akasema, "Basi kaka, tuhamie WhatsApp tuyamalize."

Chai ikanipalia. Ndiyo sababu naandika.

Mimi si mwalimu. Niliingia humu mwanzoni mwa 2010, enzi za lile shindano la Google la kuandika makala za Kiswahili, lililovuta wanafunzi wa vyuo wa Tanzania na Kenya. Zawadi zilipogawiwa wenzangu wengi wakatokomea. Mimi sikushinda kitu, nikabaki. Makosa yote mnayoyafanya nimeshayafanya, mengine mara mbili.

1. Tia sahihi. Tilde nne (~~~~) mwishoni mwa ujumbe wako, nazo hugeuka jina lako na tarehe, basi. Mjadala usio na sahihi ni kama matanga yasiyo na mfiwa: watu wamejaa, hujui umpe nani pole.

2. Jaza muhtasari, tena useme kweli. Ukiandika "marekebisho madogo" huku umefuta aya nne, kwenye Mabadiliko ya Karibuni, ukurasa unaoorodhesha kila hariri mpya, tunakuona. Na kumbuka muhtasari ukishahifadhiwa hauhaririki. Mimi ninao wa mwaka 2011 unaosema "huyu jamaa hajui kitu." Jamaa alikuwa sahihi, na siku hizi ni mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia yetu. Kila Mwaka Mpya hunitumia kiungo cha muhtasari ule, na salamu.

3. Ukurasa wa majadiliano, ule unaoambatana na kila makala, ukijaa, usiufute. Ya zamani yahamishie kwenye ukurasa mdogo wa nyaraka, weka kiungo juu, umemaliza. Najua mtaniambia historia ya ukurasa ipo. Ipo, ila nani atakaa achimbue matoleo mia tatu kutafuta sentensi moja? Na makala ikifutwa, majadiliano yake kwa kawaida hufutwa pamoja nayo, na kuanzia hapo ni wakabidhi tu wanaoyaona.

Kila semina kuna anayeniuliza kwa nini tutunze ubishi. Dada, si yameshaisha? Basi sikilizeni. Kabla ya tovuti watu walikuwa wakibishana kwenye Usenet, mtandao wa majukwaa ya mijadala ulioanza 1980. Diski zilikuwa ndogo na ghali, kwa hiyo ujumbe ulikaa siku chache au wiki chache, kisha ukafutwa kupisha mwingine. Lakini kwenye idara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto alikuwapo Henry Spencer, aliyekuwa akiunakili kwenye tepu za sumaku tangu 1981 hadi 1991. Zilifika tepu 141. Zoolojia, jamani! Watu wa wanyama ndio waliotutunzia maneno ya watu wa kompyuta. Ziliposomwa zilitoa ujumbe zaidi ya milioni mbili, na mwaka 2001 Google ikaziunganisha na makusanyo mengine ikaziweka wazi. Ndani ya hifadhi hiyo upo ujumbe wa Agosti 1991 ambamo Linus Torvalds anasema anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, hautakuwa kitu kikubwa. Mfumo huo ndio Linux, na leo uko ndani ya kila simu ya Android. Siku ule ujumbe unaandikwa, nani angesema huu ni wa kutunza?

4. Usihamishe mjadala. Hii nitaisimulia yote, mnivumilie.

Mwaka 2021 tulikuwa na ugomvi wa jahazi. Mhariri mmoja mgeni, kijana mwenye kasi, alikuwa akitafsiri kutoka Kiingereza. Kule vyombo vyetu vyote vya tanga vimepewa jina moja, "dhow." Akaona neno linafanana na dau, akahitimisha kuwa ndilo lenyewe, akataka makala ya jahazi iunganishwe na ya dau. Mimi mtoto wa bara, bahari naijua kwa kupanda boti ya Zanzibar na kutapika. Nikaona hoja yake ina mantiki. Nikamuunga mkono, tena kwa maneno mazito, kwenye ukurasa wa majadiliano.

Akatokea mzee mmoja wa pwani. Alikuwa na michango kama kumi tu, yote ya kusahihisha majina ya samaki. Akaandika, bila sahihi, kwa herufi kubwa tupu: "DAU LIMECHONGOKA MBELE NA NYUMA. JAHAZI LIMEKATWA NYUMA. MNAUNGANISHAJE?"

Hapo ningemjibu palepale. Ningemfundisha tilde nne, nikamwomba aendelee. Badala yake nikajitia mjanja. Nikaona kuandika kunampa tabu, nikamwomba namba, nikamwingiza kwenye grupu letu la WhatsApp. Shikamoo mzee, karibu, huku tunakwenda haraka. Naye akashukuru, akaanza kutuma sauti.

Alituma sauti 14 kwa jioni mbili. Nyuma yake unasikia jogoo, halafu adhana, halafu mtu anamuuliza kama atakula. Akaeleza omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, mkuku na mataruma, yaani uti wake wa chini na mbavu zake, na foromali, ile boriti ya tanga, inavyofungwa na inavyogeuzwa upepo ukibadilika. Akaeleza kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na kwa nini chombo hupakwa sifa, yale mafuta ya samaki, hata harufu yake akaisifu. Akafika kwenye mtepe wa kule Lamu, ulioshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na nani alimsimulia habari zake. Nilizisikiliza zote nikiwa kwenye daladala, simu sikioni, nikapitiliza kituo. Nikamwandikia, "Mzee, Jumapili nayaandika yote."

Jumapili hiyo kulikuwa na msiba. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimechoka.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya hapo, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimewasha ujumbe unaotoweka kwenye lile grupu. Siku saba. Picha za maua na "asubuhi njema" zilikuwa zinajaza simu za watu, wakalalamika, nami nikaona nimepata suluhisho la kitaalamu. Nilisifiwa sana. Nilipokaa siku ya kumi na daftari na kalamu, nikafungua grupu, nikakuta maua ya asubuhi hiyo na mjadala wa nani atanunua vocha. Nikapekua mafaili ya simu mpaka usiku. Nikawauliza wenzangu kumi na tisa. Kila mmoja alidhani mwingine anazo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nilikuwa nimeiandikia makala mimi mwenyewe.

Na hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba sikumwambia. Baada ya wiki mbili aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, yale maneno umeshayaweka?" Nikajibu yako kwenye rasimu, mzee. Hakukuwa na rasimu. Akauliza tena baada ya mwezi, nikajibu vilevile, nikaongeza kaemoji ka mikono iliyoshikana. Hakuuliza tena.

Mwaka uliofuata yule kijana mwenye kasi akarudi, akaunganisha makala zote mbili. Nikatengua. Akaniambia, na alikuwa na haki, "Dada, nionyeshe ni wapi tulikubaliana." Kwenye ukurasa wa majadiliano palikuwa na hoja yake, palikuwa na mimi nikimuunga mkono kwa maneno mazito, na mstari mmoja wa herufi kubwa usio na sahihi. Mtu akija kuusoma ule ukurasa ataona kwamba mimi na yeye tulishinda na mzee alipiga kelele akaondoka. Nikatengua tena, na tena. Nikavuka kikomo cha kutengua mara tatu ndani ya saa 24, mimi ninayewafundisha watu kwamba haifai, nikazuiwa siku moja. Nilistahili.

Ndipo nikampigia mzee simu, nikakiri yote. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi yale nilishayasema," akaniuliza hali ya watoto, tukaagana. Hajahariri tena. Hata majina ya samaki.

Kilichosalia ni nyuma ya risiti ya umeme wa luku, ambapo nilikuwa nimeandika maneno sita nikiwa kwenye daladala, mwandiko wa kutikisika.

5. Mkigombana na mgeni, msimkimbize. Watu wa Usenet walikuwa na msemo kuhusu Septemba: kila mwaka wanafunzi wapya wa vyuo wangemiminika, wangevuruga adabu ya wenyeji, na baada ya wiki kadhaa wangekuwa wamefunzwa. Kuanzia 1993 huduma za intaneti za majumbani zikaleta wageni bila kukoma, na wakongwe wakaulalamikia mwaka ule kuwa Septemba isiyokwisha. Nawaelewa. Kila semina ni Septemba yangu. Lakini yule mwenye herufi kubwa na mkono usiojua tilde alikuwa mgeni pia, na mwenye kujua sahani ilipo alikuwa mimi.

6. Viungo vya tanbihi vihifadhini kwenye Internet Archive, hifadhi ya kurasa za mtandao, siku hiyohiyo mnapoviweka. Magazeti yetu yakibadilisha tovuti, makala za zamani mara nyingi hazihamishwi.

7. Mkilazimika kuongea kwenye simu au WhatsApp, na najua mtalazimika, mmoja wenu arudi ukurasani siku hiyohiyo aandike nani alisema nini, kwa idhini yao. Mistari mitatu inatosha. Sio Jumapili.

Wale vijana wa semina nimewarudisha kwenye ukurasa wao. Walininunia, wakaandika, wakakubaliana nusu, nusu iliyobaki bado wanaibishania hadi leo asubuhi nilipopita.

Yale maneno sita niliyaweka kwenye majadiliano ya jahazi, nikaeleza yametoka kwa nani kwa kadiri alivyoniruhusu, na nini kilitokea kwa mengine. Mwezi uliopita mtu ambaye simjui, anayejieleza kuwa ni wa Tanga, ameandika chini yake kwamba neno la nne nimelisikia vibaya, na kwamba mzee asingeweza kulitamka hivyo. Nadhani anakosea. Nimemjibu palepale, nimemwomba aeleze zaidi, na kwa kuwa hakutia sahihi, nimemwonyesha tilde ziko wapi kwenye kibodi ya simu.