Kwa stajieri wapya: pro deo nayo ina delai

Wadogo zangu, mawakili mlio bado kwenye mafunzo, nimewatazama tangu mlipokula kiapo na sasa nimeshindwa kunyamaza. Toga mpya, viatu vinang'aa, hata muuza vocha mlangoni anawaita Maître, yaani Wakili. Vizuri. Lakini dosie za pro deo, kesi za bure za wasio na uwezo wa kulipa, mnazilaza chini kabisa ya rundo, na juu yake kikombe cha chai.

1. Ofisi hii ya mawakili haikujengwa na kampuni za migodi. Mzee, bosi wetu, aliifungua katika chumba kimoja Kamalondo, hapa Lubumbashi, na kwa muda mrefu wateja wake walilipa kwa kuku au kwa shukrani. Kati ya 2003 na 2004, Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali ya Kongo, ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wazee walipanga foleni mpaka barabarani, na bahasha za kaki mkononi. Hiari gani, walikuwa wanauliza. Mzee aliwasomea hesabu zao karatasi kwa karatasi, bila malipo. Watoto wa wazee hao ndio leo wana maduka na malori, na wakipata kesi hawaulizi njia. Siwezi kuuita wema mtupu. Mzee alikuwa mjanja pia.

2. Delai, yaani muda wa mwisho wa kisheria. Rufaa ya kesi ya kiraia ni siku 30 tangu wisie, mjumbe wa mahakama, alipoleta hukumu. Ya jinai ni siku 10. Mnajua. Mimi pia nilijua, tena kwa kichwa.

Nilikuwa stajieri humu humu nilipopewa mama mmoja mjane wa Katuba. Mashemeji walikuwa wamepata hukumu ya kumtoa nyumbani. Alikuja na karatasi ya wisie ameikunja ndani ya pindo la kitenge, tarehe imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Sheria ilikuwa upande wake: Kanuni ya Familia ya 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Nikamwambia, «Mama, hii ni rahisi, lala usingizi.» Kumbe aliyelala ni mimi. Kulikuwa na kesi ya kampuni ya usafirishaji, kampuni inayolipa, basi ya Mama ikangoja. Akawa anakuja, anakaa kwenye benchi na mtoto mgongoni, na mimi napitia mlango wa nyuma. Siku nilipopeleka rufaa, karani alitazama tarehe, akatazama kalenda ukutani, akanirudishia karatasi yangu kimya.

Sikumwambia Mzee. Alijua siku wisie alipofika Katuba na polisi, akaniweka kwenye gari lake tukaenda. Masufuria yalikuwa nje, godoro limeegemezwa ukutani, watoto na sare zao za shule wamekaa juu ya mifuko. Mama aliponiona alisimama. «Karibuni, Maître.» Akamtuma mtoto anitafutie kiti. Nilikikalia kile kiti cha plastiki mbele ya nyumba niliyompotezea, na yeye akabaki amesimama. Mzee alibishana na mashemeji mpaka giza likaingia. Kilichopatikana ni chumba kimoja cha nyuma, nyumba ilikwenda.

Njiani kurudi Mzee aliniambia, «Wa kampuni angekushtaki kwa batonie, mkuu wa mawakili. Huyu amekupa kiti. Ndiyo maana ulianza na wa kampuni.» Kesho yake akanunua lile daftari kubwa mnaloliona kwenye meza ya sekretari, mnalolicheka. Kila tarehe inaingia humo kwa wino mwekundu kabla hujavua koti.

3. Kati ya mwito na siku ya kufika mahakamani, siku 8 kamili. Hesabu mwenyewe, usimwamini wisie.

4. Kasho, selo ya polisi: Katiba, kifungu cha 18, mtu asishikwe humo zaidi ya saa 48. Nendeni asubuhi, si jioni wakati afisa ameshaondoka na funguo, halafu mnaniamsha mimi.

5. Msitupe karatasi. Jeshi letu la Kongo liliua watu zaidi ya 70 Kilwa, ya huku Katanga, si ya Tanzania, mwezi Oktoba 2004. Juni 2007 mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi ilitoa hukumu iliyowaacha wahanga mikono mitupu, na wengi wakasema yameisha. Hayakuisha: mwaka 2017 ikatangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeona serikali ya Kongo ina kosa na wahanga walipwe fidia. Miaka yote hiyo kuna watu walilinda majina, tarehe na maneno ya mashahidi ndani ya makabati. Na ninyi hapa mnafungia karanga ndani ya kopi za mashtaka.

6. Jumamosi tuna ushauri wa bure Ruashi. Saa mbili, si saa nne. Njooni na kalamu zenu. Za ofisi zikienda Ruashi hazirudi.