Maswali ya wasomaji: Wanafunzi wanapobuni majaribio yao ya fizikia

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Muhula huu sikuwapa wanafunzi karatasi ya maelekezo ya hatua kwa hatua, bali niliwataka wabuni wenyewe njia ya kupima mchapuko wa graviti kwa kutumia uzi, kitonge cha chuma, rula na saa. Vipindi vilivyotumika ni vingi kuliko nilivyopanga, na kundi moja lililotumia uzi wa sentimita 50 lilipata 9.4 badala ya 9.8, na hata liliporudia mara kadhaa jibu lilikuwa lile lile. Mwalimu mwenzangu anasema kwamba kwa karatasi ya maelekezo wangelipata jibu sahihi katika kipindi kimoja. Je, wanafunzi hawa wamepata faida gani ambayo wenzao hawana?

JIBU: Mwalimu, mwenzako hakukosea kuhusu muda, na kama lengo la kipindi lilikuwa kuthibitisha namba iliyokwisha kuchapishwa kitabuni, basi karatasi ya maelekezo ingetosha, ingawa hata kitabu chenyewe kingetosha. Hilo kundi lako la 9.4 ndilo ningependa tulitazame, kwa sababu huenda ndilo lililokaribia somo kuliko yote.

Uliza kwanza walipima urefu wa pendulamu, yaani kitonge kinachobembea kwenye uzi, kutoka wapi hadi wapi. Kanuni inataka urefu kutoka mahali uzi uliponing'inizwa hadi katikati ya kitonge, lakini anayepima kwa mara ya kwanza mara nyingi huishia kwenye fundo. Ikiwa katikati ya kitonge iko sentimita 2 chini ya fundo, urefu halisi ni sentimita 52, na anayeweka 50 katika hesabu atapata takriban 9.4, yaani kiasi kile kile walichokiona. Kosa la aina hii halipungui kwa kurudia, kwa kuwa kila mara linaelekea upande mmoja, tofauti na kosa la kuchelewa au kuwahi kubonyeza saa, ambalo huelekea huku na huku na hivyo hupunguzwa na wastani. Mwanafunzi anaweza kuikariri tofauti ya makosa haya mawili kwa ajili ya mtihani bila kuielewa. Aliyerudia vipimo vyake na kuona jibu limeng'ang'ania 9.4 ana sababu ya kuuliza kwa nini wastani haukumsaidia.

Sasa wape nafasi ya kurekebisha, na usiwaambie kosa liko wapi. Huenda wakagundua kwamba badala ya kutumia urefu mmoja tu, wanaweza kutumia nyuzi za urefu tofauti, wakachora grafu ya kipeo cha pili cha muda wa mbembeo mmoja (kwenda na kurudi) dhidi ya urefu wa uzi. Mwinamo wa mstari huo hutoa mchapuko wa graviti bila kuathiriwa na zile sentimita 2 zilizosahauliwa, na mahali mstari unapokata mhimili panaonyesha kwamba kuna urefu uliosahauliwa na ni kiasi gani. Karatasi nyingi za maelekezo huagiza grafu hiyo hiyo, lakini mwanafunzi aliyeagizwa huichora kwa sababu ameagizwa. Aliyeifikia kwa kuhangaika na 9.4 anajua inatibu ugonjwa gani.

Kuna ushahidi unaounga mkono mwelekeo huu. Mwaka 2015 Natasha Holmes, Carl Wieman na Doug Bonn walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu nchini Kanada, ambao walitakiwa mara kwa mara kulinganisha vipimo vyao, au vipimo na nadharia, kisha waamue wenyewe hatua inayofuata. Wanafunzi hao walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi ya wenzao wa kupendekeza au kufanya maboresho katika njia zao za kupima, na tabia hiyo ilionekana hata mwaka uliofuata katika somo jingine. Hata hivyo, usitarajie kwamba maabara ya namna hii itapandisha alama za nadharia. Katika utafiti mwingine Holmes na Wieman walikuta kwamba hata maabara zilizoundwa kwa kusudi la kuimarisha nadharia ya darasani hazikuleta tofauti inayopimika katika mitihani. Kwangu hiyo ni sababu ya kuitumia maabara kufundishia kile ambacho ubao hauwezi kufundisha.

Ningekushauri jambo moja tu kuhusu mpangilio: uhuru usiwe wa kila kitu. Chagua wewe swali na vifaa, kisha waachie uamuzi wa nini kipimwe, mara ngapi, na lini kipimo kihesabiwe kuwa kimetosha. Na uamuzi wa kurudi nyuma na kuanza upya uwe na alama zake, la sivyo hakuna kundi litakalothubutu kuufanya.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Kitabu chetu kinasema kwamba muda wa mbembeo mmoja wa pendulamu hautegemei upana wa mbembeo. Kundi letu liliachilia kitonge kutoka pembe ya nyuzi 60 na muda ukawa mrefu kuliko tulipoachilia kutoka nyuzi 10. Je, tuandike tulichokiona au kile kilichomo kitabuni?

JIBU: Mwanangu, andikeni mlichokiona, na mwandike pia mlivyokiona. Kauli ya kitabu ni ya mibembeo midogo. Katika nyuzi 60 muda huongezeka kwa takriban asilimia 7, ilhali katika nyuzi 20 ongezeko halifiki asilimia 1, na kwa hiyo aliyepima pembe ndogo kwa saa ya mkononi ataapa kwamba kitabu hakina kasoro yoyote.

Kabla ya kukabidhi kazi, jiulizeni swali ambalo msomaji makini atawauliza: je, tofauti mliyoiona ni kubwa kuliko kosa la kidole kwenye saa? Kwa uzi wa mita 1, mbembeo mmoja huchukua takriban sekunde 2, na asilimia 7 yake ni kama sekunde 0.15, kiasi kinachokaribiana na kuchelewa kwa mkono wa binadamu. Mkihesabu mibembeo 10 kwa pamoja na kugawanya, kosa la mkono litagawanyika pia kwa 10. Lakini msiendelee hadi 100, kwa sababu mbembeo mpana hupungua kadiri hewa inavyoupunguza nguvu, na mnaweza kujikuta mnapima nyuzi 40 huku mkiandika 60. Idadi inayofaa mtaipata kwa kuangalia pembe imepungua kiasi gani baada ya mibembeo 5, kisha baada ya 10. Vipimo hivyo vya pembe navyo viingizeni katika ripoti.