Kumfunga kizazi mbwa kwa matundu madogo

Dada, umeuliza kama inafaa kulipa zaidi ili German Shepherd wako wa Kasarani afungwe kizazi kwa kamera badala ya kupasuliwa kawaida. Kwa mbwa wa ukubwa huo, mimi ningelipa.

Daktari hutoboa tumboni matundu mawili au matatu ya kupitishia kamera na vifaa, mengi yakiwa ya milimita 5 hadi 10, kisha hujaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi ya kuona. Faida kubwa iko kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai vinavyotolewa. Katika upasuaji wa kawaida huvutwa hadi nje ya kidonda, na mvuto huo ndio unaouma sana. Kwa kamera, mshipa wa damu wa ovari huchomwa na kuzibwa palepale ndani. Mbwa huamka na maumivu kidogo na hurudia mwendo wake mapema, ingawa kola ya shingoni bado atavaa. Na kwa kuwa German Shepherd huandamwa na mfuko wa chakula kujipinda, hatari inayoua kwa saa chache, mfuko huo unaweza kushonewa kwenye ukuta wa kulia wa tumbo siku hiyohiyo. Mwombe daktari hilo, tafadhali!

Dawa ya usingizi ni ileile, na damu ikigoma kukatika atapasuliwa kawaida. Angekuwa paka nisingekuwa na haraka ya kulipia kamera, kidonda chake cha kawaida ni kidogo tayari.

Muulize daktari amefanya wangapi, na uhakikishe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Akikosekana wa kamera, uliza kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete wakuelekeze.